Namba Moja, Jumuiya Nzima

Mogitu,
Jumatatu, baada ya kukamua.

Mdogo wangu Lucia,

Marahaba. Najua hujaniamkia tangu Krismasi, lakini mimi ndiye mkubwa, nimeitikia kabla. Hamjambo huko Basotu? Shemeji Hermani na kifua chake anaendeleaje? Ziwa lina samaki au mnakula upepo? Sisi hapa ni wazima. Mahindi yamebeba, mguu wangu wa kushoto unauma kama kawaida yake na wa kulia umeanza kuuiga. Mwandiko huu usikushangaze, ni wangu mwenyewe. Shule sikuona hata mlango wake, wewe ndiye uliyepelekwa, ila herufi nilizipata kwenye katekisimu, na leo sitaki mtu anishikie kalamu. Simu nayo siitaki, maana simu ndiyo iliyoleta maneno. Kaa mahali peke yako usome, ukimaliza tia jikoni iungue.

Unaijua ile supamaketi ya Katesh, karibu na stendi. Ukilipa wanakuuliza namba ya simu, wanakuwekea pointi, na pointi zikijaa unapewa kitu. Jumuiya yetu tulitaka masufuria makubwa ya misiba na harusi, tumechoka kuazima kwa jumuiya ya jirani ambao wanayahesabu mbele yako kama wewe mwizi. Nikawaambia wanawake, tutaje namba moja, yangu, kama tunavyolima kwa maksai wa mtu mmoja wiki nzima. Hata wewe nilikuambia uitaje ukija mnadani Katesh. Tulijiona wajanja sana.

Kumbe mashine yao haihesabu pointi tu. Inaandika kila ulichonunua, halafu inakaa inafikiri wewe ni mtu wa namna gani. Meseji zikaanza kuingia. Bibi Fabiola, dawa ya kulainisha nywele imeshuka bei. Bibi Fabiola, nyembe za ndevu. Bibi Fabiola, maziwa ya kopo ya mtoto wa miezi sita. Kila Jumapili baada ya sala Genoveva, katibu wetu, anachukua simu yangu na kusoma kwa sauti, tunashika mbavu. Maziwa ni ya mkaza mwana wa Severine, nyembe za mume wa Getruda. Justina alisema supamaketi inanijua mimi kuwa ni mwanamke mwenye ndevu anayenyonyesha.

Mwezi uliopita Genoveva akasoma nyingine. Tumekukumbuka, Bibi Fabiola, rudi ujipatie pampasi za watu wazima kwa nusu bei. Kicheko cha siku hiyo hakikuwa kama cha siku nyingine. Wakaanza kuangaliana sketi. Genoveva akasema lazima ni mmoja wetu, na yeye atamjua tu, pua haifichwi kitu. Tangu hapo watu wakikaa kwenye benchi wanaachiana nafasi.

Nikapanda gari kwenda Katesh kugombana. Akaletwa Festo, meneja, kijana mwenye tai, akaniamkia kwa adabu mpaka hasira ikapungua kidogo. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba ninajikojolea. Maskini, alitoka jasho. Akanieleza kwamba mashine hainijui mimi, inajua namba, na kila namba ina orodha yake. Akasema anayenunua kila mara hapewi punguzo, wa nini, si atanunua tu? Punguzo anatumiwa yule aliyekuwa akinunua akaacha, ili arudi, na wanaotengeneza hicho kitu ndio wanaolipia. Nikamwambia hata mimi humrushia mahindi kuku aliye mbali, lakini simtangazi kanisani. Nikamwambia aache kunitumia, na anisomee orodha yangu yote. Akafunga mlango, akasoma.

Lucia, pampasi zile zilinunuliwa siku za mnada, miaka miwili mfululizo. Na kila zilipoandikwa, chini yake pameandikwa ndoano za samaki. Nani anavua Mogitu? Avue nini, mawe?

Nikakumbuka msiba wa mume wangu Akonaay, Novemba ile. Wanawake wote wa ukoo walilala nami chini, bega kwa bega, kama inavyotakiwa, na wewe, ndugu yangu wa tumbo moja, kila siku jua likishuka ulichukua kanga yako ukaenda kulala kwingine peke yako. Nilikusema mbele za watu. Nilisema unaogopa vumbi, nikasema huna moyo. Kisha Krismasi nikafanya baya zaidi, nikamtuma mwanangu Renatus aje kumchukua ng'ombe niliyekupa ukamue, na unajua kwetu ng'ombe wa namna hiyo harudishwi isipokuwa undugu umekufa. Festo aliponitajia mara ya mwisho pampasi ziliponunuliwa, ilikuwa mnada wa Desemba, kabla ya Krismasi. Kwa hiyo ni maziwa yaliyokuwa yanakununulia, nami nikakunyang'anya. Supamaketi ilikukosa ikakutafuta. Mimi nilikuwa nimekaa nakusengenya.

Nimekosa, mdogo wangu. Sijui kuliremba neno hilo, lipokee lilivyo.

Sasa nakuambia nilichofanya jana, na usinigombeze, maana kimeshafanyika. Baada ya sala Genoveva alinyoosha mkono apewe simu kama kawaida. Nilisimama, nikawaambia waache kunusana kama mbwa, pampasi ni zangu. Nikasema ninavuja tangu nilipomzaa Renatus na kichwa chake kama boga, na mwenye pua ndefu aje anuse hapa hapa. Nikasema pia kuanzia leo kila mtu ataje namba yake au asitaje kabisa, masufuria tutachangishana. Nimedanganya mlangoni pa kanisa, mimi niliyewafundisha watoto wao sala. Padri nitamwambia kwenye kitubio, ila kujuta sijajuta bado. Hakuna aliyecheka. Renatus peke yake ndiye aliyenuna, kwa sababu ya boga.

Nimemuuliza muuguzi wa zahanati, sikutaja jina, anasema wanawake wenye shida hiyo ni wengi kuliko tunavyodhani, na ina matibabu. Tutakwenda wote. Mimi nitakuwa mgonjwa, wewe msindikizaji, ukiingia chumbani mtajuana wenyewe, wewe na daktari.

Ng'ombe anakuja na barua hii, Renatus anamleta. Ana ndama wa wiki tatu. Usimrudishe, nitakupiga.

Jambo moja limenishinda. Jana nikiwa njiani kurudi nilisikia mtu nyuma yangu anahema. Ni Genoveva, yule yule. Aliangalia kushoto na kulia, akaniuliza kwa sauti ndogo kama zile pampasi zina saizi, na kama mtu anaweza kuzivaa akalima siku nzima. Nikamwambia nitamjibu Jumapili. Mimi sijawahi hata kuishika moja. Basi mpe Renatus majibu yote, yaandike vizuri kwa mwandiko wako wa shule, saizi, bei, zinavyofungwa, na usiache kitu, kwa sababu kabla sijafika nyumbani Severine naye alinifuata.

Msalimie Hermani, mwambie apunguze baridi ya ziwani. Wajukuu wote wanakuamkia shikamoo.

Mimi dada yako,
Fabiola