Kona ya Kulia

Mikindani, Jumapili

Wifi yangu Mwanaima,

Assalaam alaykum. Baibui la mama ulilotuma kutoka Maskati limefika, na limemkaa vizuri. Maji ya mfereji nayo yamerudi tangu Ijumaa, alhamdulillahi.

Umeshasikia kwamba kaka yako ameacha mbio za magari. Aliwaambia waandishi wa habari, "Umri umekwenda, nawaachia vijana." Watu wakampigia makofi bingwa wao. Kweli yenyewe hakuisema.

Aliporudi mashindanoni mwezi uliopita, baada ya kupumzika miaka mitatu, mimi mkewe ndiye niliyekaa kando yake kumsomea njia, kama zamani. Penye kona moja nilikosea nikasema kushoto. Kona ilikuwa ya kulia, mchana kweupe, hata mtoto angeiona. Khatibu akakata kushoto. Gari likabiringika mara mbili.

Tukiwa tumening'inia kwenye mikanda, nikamuuliza, "Hukuiona?"

"Sioni, Wardah. Tangu mwaka jana naona kama ninayechungulia kwenye bomba. Nilikuwa nafuata sauti yako tu."

Daktari anasema ni presha ya macho, na nuru iliyopotea hairudi. Khatibu amenikataza kumwambia mtu, wewe hasa. Lakini daktari alisema ugonjwa huu huwapata ndugu wa tumbo moja, na huanza bila maumivu. Ndiyo maana nimemvunjia ahadi. Nakuomba uende ukapimwe kesho, wifi, hata kama unaisoma barua hii bila taabu.

Mimi ninayekuombea,
Wardah