Niliharibu Waifai ya Mke Wangu, Nikamsingizia Mama

Mshauri, sijui umri wako, kwa hiyo kama ni shikamoo ipokee na kama ni habari za kazi nazo zipokee, maana leo namtafuta mtu wa kunisikiliza hadi mwisho kabla hajanitukana.

Mimi ni fundi wa majokofu, mwaka wa kumi na nne huu, na sifa yangu mtaani ni kwamba chochote kilichofungwa kwa skrubu mimi nakifungua, na sifa hiyo ndiyo iliyoniponza. Mke wangu ni mkalimani. Anafanyia kazi nyumbani, chumbani kwetu, kwenye meza ndogo kando ya kabati, anavaa hedifoni zake za bluetooth, anafungua kompyuta mpakato yake, na huko hospitali daktari anazungumza na mgonjwa asiyejua lugha yake, mke wangu yuko katikati anamwambia huyu maneno ya yule, na kazi hiyo aliipata baada ya mitihani miwili na usaili mmoja, anaipenda hata akiwa na mafua haombi ruhusa. Mama yangu mzazi naye tunaishi naye tangu alipopasuliwa goti. Chumba chake kiko mbele, na ili afike chooni kwa ndani lazima apite sebuleni, ambako ruta ya waifai imekaa kwenye rafu.

Sasa, kompyuta ya mke wangu ilikuwa inapata joto na feni yake inavuma kama mashine ya kusaga, akasema mwisho wa mwezi ataipeleka kwa fundi wa kompyuta, nami nikasema moyoni, fundi gani tena na mimi nipo? Jumamosi moja mchana alipokwenda kumwona dada yake nikaigeuza kifudifudi, nikatoa skrubu kumi, nikainua kifuniko, nikaanza kupangusa vumbi kwa brashi ya rangi, na katika kupangusa huko brashi ikanasa waya mweusi mwembamba kama uzi, uliobanwa kwenye kadi ndogo kama stempu, ukachomoka. Nikajaribu kuurudisha. Kichwa chake hakifiki punje ya mtama, na vidole vyangu vimezoea kompresa. Nikaubonyeza ukapinda, nikaubonyeza tena ukapinda zaidi, mwisho nikaubandika kwa selotepu, nikafunga, nikawasha, feni kimya, waifai ipo, nikajipongeza. Mke wangu aliporudi sikumwambia. Nilitaka kwanza aone mwenyewe kwamba joto limeisha, ndipo nijisifu.

Jumatatu mambo yakaanza. Waifai ikawa inaonyesha mstari mmoja pale mezani, inakatika, inarudi, inakatika, na hedifoni zikawa ndiyo mtihani kabisa, akigeuza shingo tu kuchukua kalamu sauti inapotea. Alitoka chumbani akiwa na hedifoni shingoni, akauliza, "Nani amegusa waifai?" Nilikuwa nakunywa chai. Nikajibu, "Muulize mama."

Maneno mawili tu, mshauri. Yalinitoka kama mtu anavyokwepa jiwe. Na yakaaminika, kwa sababu zamani mama aliwahi kuchomoa ruta ili achomeke pasi, na siku hiyo tulicheka. Safari hii hatukucheka. Mke wangu alimwomba kwa adabu asiguse tena, mama akasema, "Mwanangu, mimi kidude hicho hata jina lake silijui," na kesho yake ikakatika tena, na keshokutwa tena, hadi mke wangu akamwambia kwamba labda hata kupita karibu na zile nyaya kunazitingisha, akamalizia, "Basi mama, kama si lazima, tusipite pale wakati niko kazini."

Mimi nikajitia kusaidia. Nikaizima kompyuta na kuiwasha, nikaiondoa ruta kwenye rafu nikaiweka juu ya kabati, nikafuta jina la waifai na kuingiza neno la siri upya, nikazifuta hedifoni na kuziunganisha upya, nikapakua masasisho yote yaliyokuwepo, na mke wangu amesimama nyuma yangu ananishukuru, jasho linanitoka, maana najua ninachokitafuta hakiko kwenye kioo, kiko chini ya kifuniko.

Wiki ya tatu akiwa kazini daktari alikuwa anamweleza mzee mmoja dawa zake za presha, vidonge vya aina mbili visivyonywewa pamoja. Mke wangu alikuwa amefika "hiki cheupe usikinywe" mawasiliano yakakatika. Aliporudi hewani baada ya dakika nne mzee ameshaondoka, nesi akamkimbilia hadi getini na kumrudisha. Mzee hakupata madhara, lakini msimamizi wa mke wangu alipiga simu akasema ikitokea mara moja tena atamtoa kwenye zamu. Mke wangu hakulia. Alikaa kitandani akaitazama ile meza.

Na lililonifanya nishike kalamu ni la juzi. Nilikuwa jikoni, mvua imetoka kunyesha, nikamwona mama dirishani anazunguka nyumba kwa nje na mkongojo wake, anapita kwenye tope la pale tunapofulia, ili aingie chooni kwa mlango wa nyuma. Akateleza. Akaushika mlingoti wa kamba ya nguo, hakuanguka, ila kiganja kilichubuka. Nikatoka mbio, nikamwuliza, "Mama, mbona unazunguka huku?" Akaniambia, "Nisije nikamkatia mwenzio kazi." Ameanza kuzungumzia kuhamia kwa dada yangu.

Mshauri, nina mawazo mawili. La kwanza, niichukue kompyuta kimyakimya, niipeleke kwa fundi, apachike waya, mambo yatulie yenyewe, na hakuna atakayeumia. La pili, niseme. Lakini nikisema, nitadharauliwa na wanawake wawili kwa siku moja, na fundi akishadharauliwa nyumbani kwake atafungua kitu cha nani? Nisaidie, maji yako shingoni.

Mimi, Fundi Majokofu


MSHAURI ANAJIBU

Bwana Fundi, nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba. Sasa na wewe nisome hadi mwisho.

Kuharibu kompyuta si dhambi. Mikono inayofanya kazi huharibu, na nia yako ilikuwa kumpunguzia mkeo mzigo. Ningekuwa jirani yako ningekucheka kidogo na kukupa pole. Shida yako haikuanza Jumamosi. Ilianza Jumatatu, na kikombe cha chai mkononi.

Hilo wazo lako la kwanza nimelitazama vizuri, maana wengi watalipenda. Hebu lifuate hadi mwisho wake. Fundi anapachika waya, waifai inatulia. Mkeo atasema nini? Atasema, "Unaona? Tangu mama aache kupita sebuleni, haikatiki." Kompyuta itapona na mama yako atabaki mwizi aliyeacha kuiba. Ataendelea kuzunguka nyumba kwenye tope hadi siku asiyoukuta ule mlingoti, na goti lile lina mshono. Unasema hakuna atakayeumia. Kiganja kile kilichubuliwa na nini?

Nimemwuliza mtaalamu wa kompyuta wa hapa ofisini kwetu, mama mmoja asiye na muda wa maneno. Amenieleza hivi. Kwenye kompyuta nyingi za aina hiyo, waifai na bluetooth hukaa kwenye kadi moja, ile uliyoiita stempu, na vile viuzi ni nyaya za antena zake. Ukichomoa kimoja, vyote viwili vinaumwa kwa pamoja, ndiyo maana hata hedifoni zinalalamika. Kufuta jina na kuunganisha upya, kusasisha, kuhamisha ruta, hayo ni mambo mazuri ya kujaribu kompyuta ikianza kusumbua bila sababu. Yako ina sababu, na unaijua.

Hata hivyo hakikisha, maana wewe ni fundi na fundi hupima. Iweke kompyuta hatua moja kutoka kwenye ruta. Ikishika vizuri pale na kulegea chumbani, wakati simu yako inashika vizuri chumbani humo humo, basi ruta haina kosa na aliyepita mbele yake hana kosa. Kisha unganisha kompyuta na ruta kwa waya. Ikitulia, umepata jibu. Na waya huo usiuchomoe. Uache mkeo aufanyie kazi, pamoja na hedifoni za waya, kuanzia zamu yake ya kwanza baada ya wewe kusoma hapa. Yule mzee wa vidonge alikuwa na bahati ya nesi mwenye mbio. Mwingine hatakuwa nayo.

Usiifungue tena. Nasema tena kwa sababu nakujua: usiifungue. Ipeleke kwa fundi wa kompyuta, na umwambie kila kitu, hadi selotepu. Fundi anayefichwa hutafuta ugonjwa usiokuwepo. Wewe mwenyewe unawajua wateja wanaokwambia jokofu "limeharibika lenyewe". Yule mama wa hapa anasema pengine ni kubadilisha kiuzi tu, ila tundu la kwenye kadi likiwa limevunjika, kadi yenyewe itabadilishwa. Baada ya hapo, ikiwa hedifoni bado zinakwaruza, mwambie aangalie kama kompyuta imewekwa kuizima kadi ili kuokoa betri, na kama ruta ina masafa ya aina mbili, 2.4 na 5, mkeo atumie yale ya 5, maana yale ya 2.4 hugombana na bluetooth.

Sasa nyumbani. Usianze kwa mke ukamficha mama, wala usianze kwa mama ukamwomba akutetee. Waite wote wawili sebuleni, asubuhi, kabla ya zamu. Sema maneno haya: mimi niliifungua, mimi niliiharibu, na nilimsingizia mama nikijua. Halafu nyamaza. Neno "lakini" liache nje na viatu. Usimkumbushe mkeo jinsi alivyomsema mama. Hilo atalikumbuka mwenyewe na litamchoma vya kutosha. Usinunue zawadi wiki hiyo. Msimamizi wake aandikiwe barua, na mkeo ndiye atakayeamua iandikwe na nani. Akikwambia uandike wewe, andika, na uweke sahihi.

Unaogopa kudharauliwa. Utadharauliwa, ndugu yangu. Siku kadhaa, pengine wiki kadhaa. Ni haki yao. Jibu hili nakutumia leo kwa simu, halingoji gazeti, kwa sababu ya ule mlango wa nyuma. Waite kesho asubuhi.


ALIANDIKA TENA

(Barua hii tuliipata baada ya siku kumi na tisa. Mwandishi ameturuhusu kuichapisha pamoja na ya kwanza.)

Mshauri, niliwaita. Nilisema yale maneno, bila "lakini". Mke wangu alifunika uso kwa mikono yote miwili. Mama ndiye aliyeuliza, na aliuliza swali moja tu: "Ulikuwa unaniona nikizunguka kule nyuma, siku zote hizo?" Nikasema, "Mara mbili, mama, kabla ya ile ya kuteleza." Akainuka, akaenda kufunga begi. Mke wangu alipiga magoti kumsihi. Mama akamwambia, "Wewe inuka, uliambiwa na mumeo," lakini hakubaki.

Fundi wa kompyuta alipoona selotepu alinitazama kwanza usoni kisha mikononi. Kichwa cha waya kilikuwa kimekufa, akaweka mwingine, kazi ya nusu saa. Mke wangu alivaa hedifoni akatembea kutoka chumbani hadi jikoni na kurudi, anahesabu kwa sauti, haikukatika. Barua ya msimamizi niliiandika mimi. Mke wangu amebaki kwenye zamu, ila kwa mwezi mzima hapewi wagonjwa wa vyumba vya dharura, na hilo lilimuuma kuliko alivyoniambia.

Mama alikaa kwa dada yangu siku tisa. Mke wangu alimfuata peke yake. Walizungumza nini sikuambiwa, nami sikuuliza. Mama alirudi, akapita sebuleni taratibu mchana kweupe, mke wangu akiwa kazini na mlango wa chumba wazi. Mimi nikimsalimia aliitika, basi.

Jumapili hii nilikuwa nimekaa kibarazani mama akatoka na kiti chake cha kukalia akipika, akakiweka mbele yangu. "Mguu huu unacheza," akasema. Nikainuka kwenda kuchukua nyundo. Nilipofika mlangoni akaniita kwa jina langu la utotoni, jina ambalo sikuwa nimelisikia tangu siku ile niliyowaita sebuleni.

"Kitengeneze," akasema. "Na ukishindwa, useme."