Leso Niliyoichoma

Mama Kendi,

Nakuandikia nikiwa kwa ile benchi yetu nyuma ya wadi, nimevua gambuti nipumzishe miguu. Hospitali imetulia siku hizi. Tulipata tanuri jipya la kuchomea taka, lina bomba refu, moshi hauji tena machoni. Mabwawa ya maji machafu nayo yamejengewa kuta za mawe. Ungefurahi, wewe uliyekuwa hulali mvua ikinyesha.

Wakati ule wa corona, asubuhi tulipokuta bwawa limepasuka na maji ya wadi yanateremka kuelekea mtoni, mimi nilikimbilia fundi. Wewe ulishuka na ovaroli yako mpaka pale akina mama wanateka maji. Walipokuona wakatawanyika, mmoja akaokota jiwe. Ukasimama mbali, ukapaza sauti: "Niogopeni mimi, sawa! Lakini hayo maji msiteke!" Ulishinda hapo ukirudisha kila mwenye mtungi, mpaka tukaziba. Nilipokuletea viazi vitamu ulikula ukicheka, eti sasa wewe ni askari wa mto.

Kisha landilodi wako wa mtaa wa Majimbo akakufungia mlango, anaogopa utaleta ugonjwa kwa ploti. Ukahamia kwangu. Jioni zile, Mama Kendi! Wewe ukiponda mukimo wa viazi na kuimba nyimbo za kanisa kwa Kimeru, mimi Mwembu nikiitikia vibaya.

Ulipougua ulitoka kwangu kwenda wadini umejifunga ile leso ya samawati, zawadi ya Kendi alipopata mshahara wa kwanza. Ulifariki ukiwa nayo. Siku hiyo nilikuwa zamu. Mfuko wa manjano, ule wa taka za wagonjwa, ukaletwa kwangu tanurini, na ndani nikaiona. Binti yako alikuwa getini analia: "Aunty, Mama nimenyimwa hata kumwona. Nipe hata leso tu."

Wewe ndiye uliyenifunza kazi hii. Ulinionya kwamba kinachoingia mfuko wa manjano hakitoki, hata kiwe cha nani. Nikaichoma. Nilisimama hapo mpaka ikaisha yote. Sikutaka uende peke yako.

Ukazikwa kwenu Kianjai na watu waliovaa nguo nyeupe, mimi nikiwa karantini. Tangu hapo Kendi hakunisemesha. Nikipiga simu anakata.

Juzi alikuja. Amepata kazi hapa Embu, na ana mtoto wa kike mgongoni, paji la uso ni lako kabisa. Hata hakukaa. Akauliza, "Aunty, siku ile ulitaka kunipa?"

"Nilitaka sana. Nilitaka kuificha kifuani nikuletee. Lakini nikaona nitakuzika na wewe."

Akamfungua mtoto mgongoni, akaniwekea mikononi. "Mshike," akasema. "Mama angekuwa amekupa umbebe kitambo." Tukalia, mwenzangu, mpaka mtoto naye akaanza.

Jumamosi tunakuja Kianjai sote watatu. Kaburi lako sijawahi kuliona. Tutang'oa magugu, tukae nawe kidogo.

Kendi akianza kazi, mtoto atashinda kwa dada yangu, na nikitoka zamu nitakuwa namchukua mimi. Tumeshakubaliana. Nakuahidi atakula, ataoga, na nitamwambia habari zako hata kabla hajajua kutembea.

Pumzika, rafiki yangu. Nilikupenda, na sidhani niliwahi kukuambia kwa maneno.

Mwenzako,
Mama Mutugi