Samaki wa Maombi

Likasi, tarehe 14 mwezi wa tatu, 2024

Kwako Yaya Sephora, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na naahidi kukuambia yote, hata lile ambalo mama hajui. Masomo yako ya uuguzi huko Mulungwishi yanaendeleaje? Mimi ni mzima. Naandika nikiwa hospitali, kando ya kitanda cha Jaël. Mdogo wetu ameacha kutapika tangu jana, na leo ameomba kula bukari, ugali wetu. Nimemshukuru Mungu.

Yaya, jikaze. Nkambo Gertrude, bibi yetu, amefariki Jumatatu. Tumemzika kijijini, upande ule wa mto Lufira alioupenda.

Unajua nyavu zilikuwa zinarudi tupu tangu Noeli. Basi Pasta Elie akatangaza kijiji kizima kifunge siku tatu ili Mungu atupe samaki. Mama alimtania kwamba kelele za tumbo lake zitamzuia Mungu kusikia sala za wengine. Jumamosi asubuhi tukakuta samaki wanaelea, matumbo meupe juu, mto mzima hadi kwenye matete. Watu walipiga magoti matopeni. Mzee Casimir pekee alisema samaki aliyejifia haliwi, wakamzomea: “Weye, Mungu anakupikia, unamuuliza moto ametoa wapi?”

Wakawaita samaki wa maombi. Kwetu wa kwanza hupewa aliye mkubwa, kwa hiyo nkambo akala kabla ya wote, na Jaël akamalizia sahani yake kama kawaida. Sisi wengine tulikuwa bado tunawakausha kwa moshi. Nkambo alipofariki, pasta alisema ni uzee, na kwamba ameondoka ameshiba baraka.

Sasa lile ninaloogopa. Jumatano, siku tatu kabla ya samaki kuelea, nilimpelekea papa, baba yetu, koti la mvua kwenye ile depo ya madini anayoilinda. Nilimkuta na koleo, anabomoa ukuta wa udongo wa bwawa la asidi. Mvua ilikuwa inalijaza, na mabosi walikuwa wamemwamuru. Maji ya buluu yakateremka kijitoni, na kijito kinaingia Lufira. Papa aliniambia, “Mutoto, haukuona kitu. Mvua itasafisha yote.”

Jumamosi nilijua. Mwalimu ametufundisha asidi inafanya nini. Lakini watu walikuwa wanaimba, Yaya, na nkambo alikuwa analia kwa furaha, na mimi ndiye niliyemwekea sahani mapajani.

Kesho kutwa mama analeta magunia manne ya samaki hao hapa sokoni.

Jaël anakusalimu sana. Anasema umletee kalamu za rangi. Barua hii nampa muuguzi anayekuja huko leo. Anarudi kesho mchana, naomba umpe jibu mkononi. Nimeamua kumwambia mama kwamba samaki wale ni sumu, na ataniuliza nimejuaje. Yaya, nimtaje papa?

Mdogo wako akupendaye,
Jeancy