Siku Niliyotukanwa Sokoni Shinyanga

Shinyanga, Jumatano, Novemba 1952. Jua kali, mbinguni hakuna hata wingu.

Nisamehe, daftari. Tangu tupande gari moshi Morogoro sijakufungua, na leo ni wiki ya tatu. Watoto ni wawili, mikono yangu miwili. Wa kukushika wewe haukubaki.

Sasa wamelala wote kwa pamoja, jambo ambalo hutokea mara chache kama kupatwa kwa mwezi. Ningelala nami. Lakini lililonipata leo halingoji kesho.

Leo nimetukanwa. Katikati ya soko, mchana kweupe, na wanawake ambao sijapata kuwaona.

Nianze mwanzo. Mume wangu amehamishwa kutoka Tanga kuja kuwa karani wa stesheni hapa, nasi tumemfuata, kwa basi mpaka Morogoro kisha kwa gari moshi. Tangu tufike nimekaa ndani nafua na kunyonyesha. Asubuhi akaniambia, "Mama Petro, toka ukauone mji, utaota kutu." Basi nikamfunga Petro mgongoni, Paulo nikampakata kifuani, nikajitanda kanga juu yake asionekane, nikashika njia kwa miguu.

Huku si kama kwetu Muheza. Hakuna mnazi hata mmoja, macho yanakwenda mbali mpaka yanachoka yenyewe. Nikapita barabara ya maduka ya Wahindi, mafundi cherehani wamejipanga barazani. Nikasimama kutazama marobota ya pamba yakipakiwa. Wachukuzi walikuwa weupe hata kope. Wanaume wanapita na baiskeli, moja ilikuwa na kengele tatu na manyoya ya mbuni. Na kila mtu anakusalimia: "Mwangaluka!" Nikajifunza kuitikia. Kusema kweli nilikuwa nimeanza kufurahi, nikajiona kama mtalii.

Sokoni kiu ikanibana. Bibi mmoja anayeuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akanipa maji kwenye kata. Nilikuwa bado nakunywa Paulo alipokohoa ndani ya kanga.

"Na huyo wa nani?" bibi akauliza.

"Wa dada yangu."

Limenitoka tu. Ndivyo nilivyowajibu watu wote ndani ya gari moshi. Walipozaliwa, Bibi yangu aliposikia ni wawili hakuingia chumbani; kwetu wazee husema mapacha ni mkosi. Mama alimpakata Petro, Paulo akawa kama hakumwona. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyesema lolote, na hakuna aliyekuja. Nami nikajifunza kumficha mmoja.

Miezi minne namkana mwanangu. Leo ndiyo mara ya kwanza naliandika.

Yule bibi hakubishana nami. Aliifunua kanga, akamtazama Paulo, akazunguka mgongoni akamtazama Petro. Kisha akapiga kelele: "Mabasa!"

Wanawake wakaacha mikeka yao wakaja mbio, kama kumi hivi. Wakanizunguka.

"Mlafi wewe! Wenzako wanazaa mmoja!"

"Mumeo hajui kuhesabu?"

"Tumbo kama ghala la pamba, na bado anataka maji yetu!"

Hayo ndiyo naweza kuyaandika. Mengine yalihusu viungo ambavyo mimi hata mkunga sikumtajia kwa jina. Na waliyasema wakicheka! Bibi mwenyewe akachovya vidole katika kata akaturushia maji usoni. Petro akalia, Paulo akalia, damu ikanipanda kichwani.

"Bibi mzima huna haya!" nikamfokea. "Huna meno ila mdomo mchafu kama choo cha stesheni!"

Mimi niliyesoma kwa masista miaka sita.

Wakapiga vigelegele. Naapa. Bibi alicheka mpaka akashika magoti. "Anajua!" akasema. "Huyu mama anajua kujibu!"

Nikadhani nimefika mji wa wendawazimu. Ndipo mama mmoja muuza ufuta, wanamwita Mama Masanja, akanishika bega. Akaniambia mabasa ni mapacha, na kwao mama wa mapacha hutukanwa naye hujibu. Baraka ile ni kubwa mno, ukiisifu kwa maneno mazuri itadhuru.

Kisha akaacha kucheka.

"Wameshakuosha, mayu?" akaniuliza; mayu kwao ni mama.

"Kuniosha vipi?"

Kicheko cha wote kikakatika. Mama wa mapacha ambaye hajaoshwa, akasema, hapiti kando ya shamba wala hateki kisimani. Mvua humkimbia. Na mvua mwaka huu imechelewa, mbegu zimo ndani zinangoja.

"Jumamosi tutakuosha, na baba yao pia. Msipokuja, hatutakuuzia kitu, na kisimani petu usije. Si ubaya. Tunaogopa."

"Na watoto?"

"Watakunywa dawa ya mizizi kidogo."

"Watoto wangu hawanywi kitu," nikasema. "Mnitukane mpaka jua lizame, mniogeshe mtakavyo. Midomoni mwao hapana."

Bibi wa michembe akanitazama sana. Nikadhani sasa ndiyo nafukuzwa. Akasema kwa Kisukuma, Mama Masanja akanifasiria: basi, watanawishwa miguu tu, mama yao ni mkaidi, ni dalili njema.

Wakanisindikiza mpaka stesheni wakiimba. Bibi alimbeba Paulo juu, wazi, kila mtu amwone. Mume wangu akatoka na penseli sikioni. Mama Masanja akamwambia neno. Sijawahi kumwona mtu mweusi akiiva uso namna ile.

"Na mimi natukanwa?" akaniuliza.

"Wewe hasa."

Anaogopa padre atasema nini. Namwelewa. Lakini nimemwambia Jumamosi naenda, na kwa padre nitakwenda mwenyewe kumweleza. Mwanangu wa pili sitamrudisha chini ya kanga.

Kesho namwandikia dada yangu Matilda. Nisisahau kumwomba: kanga doti mbili, kaniki sijaizoea. Shanga nyeupe nyuzi mbili za kuwavika mapacha; za Jumamosi Mama Masanja ataniazima, lakini nataka watoto wawe na zao wenyewe. Sabuni. Mkeka mpana, huu wa sasa unamtosha mtoto mmoja na mimi. Dawa ya kikohozi ya Paulo, amtaje kwa jina anapoinunua. Na zile kofia za sufu anazofuma, mbili, rangi moja. Asifume nyekundu na ya samawati kama zile za kwanza, watu wakadhani ni watoto wa mama wawili.