Pembe ya Ng'ombe wa Filipo

Unyambwa, Singida
12 Julai 2025

Mwanangu Nathan,

Nisamehe kwa kukaa mwaka mzima bila kukuandikia. Sisi ni wazima, na alizeti tumeshavuna.

Binti yako Luciana amepangiwa kidato cha tano, lakini anataka kubadili tahasusi asome Sanaa, somo ambalo hakuwahi kulisoma. Nilimkatalia. Hata hivyo, mwalimu wa Sanaa alisema atampokea iwapo michoro yake itaridhisha. Luciana akaanza kumchora ng'ombe wa jirani yetu, Filipo.

Filipo alipouona mchoro alifoka. "We mjukuu, umemvunja ng'ombe wangu pembe kwa penseli!"

"Babu, nimechora nilichokiona. Twende zizini ukamtazame."

Tulikwenda sote watatu. Ncha ya pembe ya kushoto ilikuwa imevunjika kweli, na mwenye ng'ombe hakuwa na habari. Filipo alicheka hadi akakaa chini.

"Zefania, mjukuu wako anamjua ng'ombe wangu kuliko mimi!"

Mimi sikucheka. Nilikumbuka daftari lako la michoro, ambalo nililitia motoni ulipokuwa darasa la sita. Nilikosea, Nathan.

Jumatatu nitampeleka Luciana shuleni mimi mwenyewe. Mwalimu wa Sanaa akishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo. Akikataa, ujue kwamba niko njiani kwenda kumwombea mtoto nafasi katika shule nyingine.

Baba yako,
Zefania