Kabati la Vibuyu Vyako

Bahati, Nakuru

Mama mpendwa,

Chamgei. Natumaini u mzima, na kwamba baridi ya Olenguruone imeyahurumia magoti yako. Mimi sijambo. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu nikigusia tu jambo lile, unamkabidhi jirani yako Linah, unakwenda kuangalia ng'ombe ambao wameshakamuliwa.

Kabati la vibuyu vyako vya maziwa ya mursik limekamilika, Mama! Kibii atakuletea Jumamosi kwa pikapu yake, likiwa vipande vipande. Usishtuke.

Mimi nilitaka pembe zake ziumane kwa meno, nipake na gundi, lisiachane milele. Mzee Tejinder, mwenye karakana, alinisikiliza huku akinywa chai yake, kisha akauliza kama kabati hilo litawahi kuhama. Nilimjibu kuwa mama yangu hahami, hata kwa trekta. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Akasema basi afadhali tufikirie upya, maana mtu asiyetaka kuhama ndiye wa kutengenezewa kitu kinachoweza kurudi.

Ndipo akanionyesha njia nyingine. Ubao wa rafu unachongwa ulimi, ulimi unapenya tundu la ubao wa pembeni na kutokeza nje, halafu unafungwa kwa kabari. Hakuna msumari wala gundi. Ungeiona mikono ya mzee yule! Inatetemeka akishika kikombe, lakini akishika patasi inatulia tuli. Nampenda kwa hilo. Ulimi wangu wa kwanza ulilegea, akanirudisha kuchonga upya bila kunigombeza. Tulipomaliza, kabati likasimama imara, nikalipanda mimi mwenyewe, halikulia hata kidogo. Kisha akagonga kabari zote zikatoka, likalala chini bila jeraha. Nilipiga makofi peke yangu karakana nzima ikinitazama.

Sasa niseme, na usimpe Linah barua. Ulipoteleza kwenye matope msimu uliopita, nilijulishwa na yeye, si wewe. Naogopa, Mama. Najua ulisema tangu tumzike Baba kwamba hutaki kubebwa kutoka kwako kama mzigo usio na marudio. Nimesikia. Kwa hivyo nimepima pia ukuta wa chumba kilicho wazi hapa kwangu, na kabati hilo hilo linaenea. Njoo ukae nami mvua hizi tu. Vibuyu vyako vitaning'inia hapa, na mkaa wa kuvisafishia nitautafuta mimi.

Ukinichoka, kabati litafunguliwa asubuhi na jioni litakuwa limesimama kwako tena. Nyundo ya mbao ya kulifungulia nimeifunga ndani ya gunia pamoja na kabari. Ukija, ije nawe, na ikae chini ya kitanda chako, si changu.

Msalimie Linah, na ng'ombe pia.

Ni mimi binti yako, mkaidi kama wewe,
Chepngeno